Ile foto ya Mutombo na yenye haionyeshi

Wandugu wa promosyo, tangu Dikembe Mutombo atutoke Septemba 2024, ile foto inarudi kila wakati: amelala chali ku Seattle, ameshika mpira juu ya kichwa kwa mikono miwili, furaha imemjaa. Miye pia naipenda. Lakini nataka tuisome sawa vile tunasoma kitabu: inasema nini, na nini iko inje yake?

Inasema kweli. Tarehe 7 Mei 1994, Denver Nuggets, ekipe ya nane ya Magharibi, iliitoa Seattle SuperSonics, ya kwanza, yenye ilikuwa imeshinda mechi 63. Denver ilipoteza mechi mbili za mwanzo, ikashinda tatu mfululizo, ya mwisho 98 kwa 94 katika dakika za nyongeza. Katika mechi hizo tano Mutombo alizuia mitupo 31. Mbele ya hapo, hakuna ekipe ya nane iliyowahi kuitoa ya kwanza katika NBA.

Sasa tuangalie yenye foto haionyeshi. Duru iliyofuata, Utah Jazz iliwatoa kwa mechi saba. Mwaka wa 1996 kontra ya Mutombo iliisha, akaenda Atlanta Hawks, na Denver haikupata mchezaji hata mmoja badala yake. Mwaka ule ule Mahmoud Abdul-Rauf alipelekwa Sacramento. Msimu wa 1997-98 wakashinda mechi 11 tu kati ya 82. Ukitoa nguzo mbili, usishangae paa kuanguka.

Njo maana kwangu kombe la 2023 ni jibu kwa ile foto. Klabu iliyoanza 1967 kwa jina la Denver Rockets ilipata ubingwa wake wa kwanza wa NBA kwa kufanya kinyume: kutunza watu. Nikola Jokić, aliyechaguliwa wa 41 mwaka 2014, alibaki. Jamal Murray aliumia goti, akakosa msimu mzima wa 2021-22, walimngoja. Kocha Michael Malone alimaliza misimu mitatu bila kufika mchujo, hawakumfukuza. (Walimfukuza 2025, lakini kombe lilikuwa tayari kabatini.)

Mtu ataniambia: Denver ilimheshimu Mutombo, jezi yake 55 ilipandishwa juu ya uwanja mwaka 2016. Sawa, na ilistahili. Lakini jezi ya ku dari haizuii mtupo hata mmoja.

Siye Wakongomani tunapenda siku ya ushindi, tunapiga makelele, tunatuma foto. Swali la nani alibaki na nani aliachwa aondoke, hatuliulizi sana, hata katika ekipe zetu za hapa. Ukituma tena ile foto, andika chini yake 1996. Hapo njo utakuwa umeeleza historia ya Denver.