Jina la Bakapu ya Saa Nane Usiku

Kabla ya kuandika chochote, fundi alifungua folda ya zamani akaisoma faili kwa faili. Zilikuwa bakapu za hifadhidata ya chama cha akiba na mikopo, kila moja imepewa jina lililomjia aliyekuwa zamu: mpya, mpya2, ya_mwisho, ya_mwisho_kabisa. Ipi ndiyo ya mwisho? Majina hayakusema.

Akachukua karatasi. Jina libebe hifadhidata, seva na wakati, kwa mpangilio huohuo kila siku. Kwenye wakati ndipo alipokaa sana. Mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, kwa utaratibu wa ISO 8601: 20250309. Sifuri zile zina kazi. Kompyuta hupanga majina tarakimu kwa tarakimu, hivyo bila sifuri mwezi wa 10 hutangulia mwezi wa 2. Saa akaiandika bila nukta pacha, maana Windows huzikataa kwenye jina la faili.

Halafu akauliza jambo ambalo mimi nisingelikumbuka: seva inafuata saa ya wapi? Ilikuwa UTC, nyuma yetu kwa saa 3. Bakapu ya saa nane usiku wa kuamkia tarehe 10 kwetu, huko ni 2300 ya tarehe 9. Hakuibadili seva. Aliongeza herufi Z, alama ya UTC, na jina likatimia: chama_seva1_20250309T2300Z.dump.

Skripti ya kuchukua bakapu hiyo ilikuwa fupi. Amri ya date hutoa wakati mara moja tu, pg_dump huandika kwenye faili yenye mkia .haijakamilika, na mv huipa jina lake halisi pale tu pg_dump inapomaliza bila kosa. Umeme ukikatika katikati, hakuna faili nusu itakayojifanya nzima. Amri ya date aliiacha ndani ya skripti, kwa kuwa kwenye jedwali la cron alama ya asilimia huikata amri.

Asubuhi faili ilikuwepo, na jina lake sawasawa. Hata hivyo hakuondoka. Aliirejesha kwa pg_restore kwenye hifadhidata tupu, akahesabu wanachama, akahesabu mikopo, akalinganisha na daftari la mhasibu. Kisha akaifuta ile hifadhidata ya majaribio na kuagiza chai.