Powerwash si Dawa ya RAM

Mliokuwa ukumbini Jumamosi mliona wenyewe kwenye projekta, kwa hiyo sitasimulia semina nzima. Nataka tukae kwenye dakika moja tu: pale mwezeshaji alipoichukua Chromebook ya mwalimu wa hesabu, akatoka kwenye akaunti, akabonyeza Ctrl, Alt, Shift na R kwa pamoja, akachagua Powerwash, amri inayofuta data zote za watumiaji zilizo ndani ya mashine. Alikosea. Na alikosea kabla hata hatujajua ndani ya mashine ile kulikuwa na nini.

Mwalimu alikuwa amelalamika kwamba mashine imekuwa nzito. Wote tuliona: anaandika neno, herufi hazitokei, kisha zinakuja kwa mkupuo wakati vidole vimeshatulia. Juu ya skrini vichupo vilikuwa vimebanana hata majina hayasomeki. Nilihesabu 23. Mashine yenyewe ni ya mtumba, RAM yake 4GB. Mwezeshaji akasema, "Mwalimu, hii dawa yake ndogo tu, tunaisafisha inarudi kama mpya." Mama wa watu akauliza, "Vitu vyangu je, kaka?" Akajibiwa, "Kila kitu kiko Google, ondoa shaka."

Swali lile ndilo lilikuwa la kitaalamu kuliko jambo lolote lililosemwa siku ile, na lilijibiwa bila mtu kufungua folda hata moja. Programu ya Faili ilikuwa pale pale chini ya skrini. Mbofyo mmoja.

Sasa tuchambue. Herufi zinapochelewa huku vichupo vimejaa, hiyo ni njaa ya RAM. Powerwash inafuta hifadhi. Mtu ana njaa, wewe unamfagilia nyumba. Hatua ya kwanza ilikuwa kubonyeza vitufe vya Search na Esc kwa pamoja: linafunguka dirisha la kidhibiti cha kazi, unabofya kichwa cha safu ya kumbukumbu, mlaji mkubwa anapanda juu, unammaliza. Kichupo kimoja cha tovuti yenye video na matangazo kinaweza kula mamia ya megabaiti. Kazi ya nusu dakika, na mwalimu angeondoka na ujuzi wa kujitibia mwenyewe nyumbani.

Kama hilo lisingetosha, kuna hali ya mgeni. Unatoka kwenye akaunti, unaingia kama mgeni, na huko viendelezi vyako havipo. Mashine ikiwa nyepesi huko, basi mashaka yanaangukia viendelezi. Unarudi kwenye akaunti na kuvizima kimoja kimoja mpaka umpate mhusika. Powerwash haiwezi kukusaidia hapo. Mwalimu alipoingia tena, usawazishaji ulimrudishia viendelezi vyake vyote kama alivyoviacha. Ikiwa mwizi alikuwa humo, alirudi navyo.

Wakati wa chai nilisikia watu wakimtetea kwamba huenda kulikuwa na virusi. ChromeOS hujikagua kila inapowaka, na ina nakala mbili za mfumo. Moja ikionekana imechezewa au kuharibika, inawakia nyingine. Kuzima na kuwasha tayari ni tiba. Hata hilo halikujaribiwa.

Kilichopotea ni faili la Excel lenye alama za majaribio za madarasa matatu. Lilikuja kwa WhatsApp Web, likatua kwenye folda ya Vipakuliwa, naye akawa analifungua na kulijaza humo humo kwa wiki tatu. Folda ile iko ndani ya mashine; haipandi Drive mpaka wewe uipandishe. Ungelifuta faili kwenye Drive, lingekaa kwenye pipa siku 30 likikusubiri. Baada ya Powerwash hakuna pipa. Na wale waliomshauri aipeleke kwa fundi Kariakoo wanakumbuka diski za Windows, ambazo fundi mzuri huzichomoa na kuzivuta data. Hapa data ya kila mtumiaji imefichwa kwa ufunguo, na Powerwash inautupa ufunguo wenyewe. Fundi atakuta maandishi yasiyosomeka na chochote duniani.

Imani hii ya "kila kitu kiko Google" naijua ilikozaliwa, na nimeipigia kelele miaka mingi. Desemba 2010, walipotoa mashine ya majaribio ya Cr-48, Google walionesha filamu fupi ambamo kompyuta zinaharibiwa moja baada ya nyingine, na kazi ya mwenyewe inaendelea kama kawaida. Filamu nzuri, somo baya. Ilichukulia kwamba mtandao upo muda wote na kila unachoshika kimeshapanda juu. Kwa mtu anayenunua bando la siku, kazi inakaa chini muda mrefu kabla ya kupanda.

Cr-48 yenyewe lakini naiheshimu mpaka leo. Plastiki nyeusi isiyo na hata nembo, RAM 2GB, diski ya 16GB. Ukitaka kuingia hali ya watengenezaji, jambo linalofuta data zako, ilibidi utoe betri, ubandue kipande cha utepe, utafute swichi ndogo kwa ukucha. Mkono ulipewa muda wa kuuliza kichwa. Leo vitufe vinne na mibofyo michache vinatosha, na skrini ya onyo watu wanaipita kama kibao cha barabarani. Kosa lake moja lilikuwa kuondoa Caps Lock na kuweka Search mahali pake, na mpaka sasa nalazimika kuwafundisha watu wazima Alt na Search ili waandike kichwa cha barua.

Niseme pia, kwa kuwa mashine ni ya mtumba: hakuna aliyefungua Mipangilio kuangalia tarehe ya mwisho ya masasisho. Septemba 2023 Google walitangaza miaka 10 ya masasisho, na wauzaji wetu wanalitaja hilo kama wimbo. Miaka hiyo inahesabiwa tangu jukwaa la modeli ile lilipotoka kiwandani. Siku uliyolipa dukani haihusiki. Fungua Mipangilio, nenda Kuhusu ChromeOS, kisha maelezo ya ziada, usome tarehe ukiwa bado dukani na pesa ikiwa mfukoni.

Kipindi cha asubuhi, cha njia za mkato na kuandika Docs bila mtandao, mwezeshaji alikifundisha vizuri.

Lakini kipindi hicho hicho kingewakinga watu na hasara kama hii siku za mbele kama kingeongezewa jambo moja. Kwenye mipangilio ya Chrome, sehemu ya vipakuliwa, unaweza kubadilisha mahali faili zinapotua, ukachagua folda iliyo kwenye Drive. Faili linalotoka WhatsApp linaangukia huko, na mtandao ukipatikana linapanda lenyewe. Nilimwonesha mwalimu baadaye, tumesimama mlangoni, mkoba wake begani. Alibofya mwenyewe. Akaniambia karatasi za majibu bado anazo kabatini, ataanza kujumlisha upya Jumatatu.

Mwezeshaji anarudi ukumbini mwezi ujao na kundi la pili. Namwomba, kaka, mashine ya mtu ikiletwa mbele ikiwa nzito, anza na Search na Esc. Na mwenyewe akikuuliza vitu vyake viko wapi, fungua Faili mtazame pamoja kabla hujamjibu.