Hofu ya Ngeli: Maoni juu ya Kitabu cha Le Breton

Kitabu cha F. H. Le Breton, Up-Country Swahili, kilichotolewa mwaka 1936, aghalabu hutajwa na wataalamu kwa kejeli, kana kwamba kosa lake ni kuvunja upatanisho wa kisarufi tu. Lawama hiyo haifiki kwenye kiini. Kitabu kilikusudiwa askari, walowezi, wachimba madini, wafanyabiashara na wake zao. Katika Nakuru, Njoro na Naivasha watu wa namna hii walimiliki mashamba makubwa, ila hawakuwa na lugha ya kusemeshana na wafanyakazi wao. Mgeni huona soni kufungua kinywa. Le Breton alimwondolea soni hiyo kwa kuipunguza lugha yenyewe.

Yafaa kuuliza ni nani aliyelipia wepesi huo. Mlowezi hakuogopa kukosea kwa kuwa hapakuwa na aliyethubutu kumsahihisha. Aliposema “kitu kubwa”, kazi ya kufahamu ilimwangukia msikilizaji, Mkikuyu, Mkipsigis au Mluhya, ambaye kwake pia Kiswahili kilikuwa lugha ya kujifunza. Ujasiri wa bwana shamba ulitokana na cheo, wala si ujuzi.

E. O. Ashton, katika Swahili Grammar ya mwaka 1944, alishika njia nyingine: alizieleza ngeli kama mfumo wenye maana, akimwamini mwanafunzi kuwa ana akili ya kuufuata. (Hata hivyo, wako waliozihitimu sura zake zote na bado hawathubutu kuagiza chai.)

Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 na Kiswahili kikawa somo la lazima la mtihani, hofu imehamia kwa mtoto wa Nakuru. Sokoni husema bila kusita. Darasani hunyamaza, kwani “kitabu yangu” yake huitwa Kisetla. Jina hilo si la haki. Kiswahili cha soko kilikuzwa na Waafrika wa makabila mbalimbali waliokutana relini, mashambani na mijini, wakihitajiana. Hapo hapana bwana. Mnunuzi akisema “viazi hii”, muuzaji aliyetoka Molo aweza kujibu “viazi hivi ni vya jana”, na mnunuzi akaendelea kupunguza bei akitumia “hivi”, bila yeyote kutambua kwamba somo la ngeli limefundishwa.