Mchanga wa Pale Soni

Kwa zaidi ya miaka ishirini maelezo yangu ya ajali ile yalikuwa neno moja tu: mchanga. Aliyeniuliza kwa nini shemeji yangu anachechemea, nilimwambia kulikuwa na mchanga katika kona moja juu kidogo ya Soni, gurudumu likateleza, basi. Watu waliitikia kwa kichwa. Nani hajui mchanga wa barabarani? Hata askari aliyekuja kuandika habari zetu aliridhika, na nadhani katika daftari lake aliandika kama wanavyoandika wote, kwamba pikipiki ilimshinda dereva ikaacha njia.

Ninataka kuzungumza juu ya kitabu kimoja kilichoninyang'anya mchanga wangu. Lakini kwanza, msomaji, niruhusu niseme neno juu ya sentensi hiyo ya askari, kwa kuwa nayo pia nimeisoma kwa miaka mingi katika magazeti yetu na sijaacha kugombana nayo. Gari “lilimshinda”. Pikipiki “iliacha njia”. Kona “haikukatika”. Tazama jinsi lugha yetu inavyomfichia mtu aibu yake: chombo ndicho kilichoshinda, chombo ndicho kilichoacha njia, na mtu aliyeshika usukani amekaa pembeni kama abiria wa bahati mbaya. Ni lugha ya huruma, sikatai, hasa panapokuwa na msiba. Lakini mtu hajifunzi kitu kutoka kwayo, kwa sababu haielezi kilichotokea. Kati ya “alikuwa anakwenda” na “ikaacha njia” pana sekunde mbili au tatu ambazo hakuna anayeziandika.

Kitabu ninachokisema kimeandika sekunde hizo. Kinaitwa A Twist of the Wrist II, cha Keith Code, Mmarekani aliyeanzisha California Superbike School mwaka 1980 na kuwafundisha watu wa mashindano. Kilitoka mwaka 1993, miaka kumi baada ya kile cha kwanza. Mimi nilikipata nikiwa mtu mzima mwenye mvi, kutoka kwa mpwa wangu aliyerudi na sanduku la vitabu kutoka Uingereza. Nilikifungua kwa dharau. Picha zake ni za watu waliovaa ngozi mwili mzima, magoti yanakwangua lami, katika viwanja vya mashindano. Nikasema, huyu atanifundisha nini mimi niliyeendesha pikipiki ya ubwana shamba milimani Usambara, nimebeba mfuko wa mbegu mbele na mtu nyuma?

Nikafika kwenye orodha yake ya matendo saba. Code anadai kwamba mtu anapoogopa ndani ya kona, mwili wake hufanya mambo fulani yenyewe, bila kumwuliza mwenyewe, kwa nia ya kumwokoa. Na kila moja kati ya hayo humpeleka kwenye hatari ileile aliyokuwa anaikimbia. Hufunga mafuta ghafla. Hukaza mikono kwenye usukani. Macho huhangaika au hufinyika, kisha hugandama juu ya kitu kimoja, na pikipiki huelekea kwenye kitu hicho. Usukani haugeuki, au hugeuka kidogo mno. Mwisho hushika breki vibaya.

Niliweka kitabu chini nikatoka nje. Maana alikuwa ameandika ajali yangu, kwa mpangilio wake.

Ilikuwa Juni 1994, asubuhi kavu, tunateremka kutoka Lushoto kwenda Mombo. Anayeijua njia hiyo anajua ilivyo: kilometa thelathini na kitu, unashuka karibu mita elfu moja, barabara nyembamba iliyochongwa ubavuni mwa mlima, kona juu ya kona. Shemeji, kaka wa mke wangu, alikuwa nyuma yangu. Mara mbili aliniambia, “Polepole, shemeji, hatufukuzwi,” nami nikacheka. Mshale wa spidi ulikuwa unachezea 45. Ikaja kona ya kulia ambayo katikati yake inazidi kujikunja. Nikafunga mafuta. Mikono ikawa vyuma. Upande wa kushoto, ukingoni mwa mtaro, palikuwa na jiwe lililopakwa chokaa, na tangu nilipoliona sikuona kingine. Nikakanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zote. Ya mbele sikuigusa, kwa kuwa nilikuwa nimefundishwa, kama wengi wetu, kwamba breki ya mbele inaua. Tulilifikia jiwe.

Siku ya pili nilirudi na fundi kuichukua pikipiki. Juu ya lami palikuwa na mstari mweusi wa tairi, umenyooka kuelekea kwenye jiwe kana kwamba umepigwa kwa rula. Tairi haliachi mstari kama ule juu ya mchanga. Lami ilikuwa safi. Niliuona mstari ule, nikaelewa sehemu ya maana yake, na jioni ile hospitalini nikasema: mchanga.

Nilipokwisha kukisoma kitabu nilikwenda Soni na kamba na futi, kazi niliyoizoea mashambani, nikapima kona ile. Duara lake, pale panapojikunja zaidi, lina nusu kipenyo cha mita 30 hivi. Hesabu inayofuata ni ya fizikia ya sekondari. Kwa mwendo wa kilometa 45 kwa saa, kona hiyo inataka pikipiki ilale nyuzi 28. Kwa lami kavu na tairi nzima hilo si jambo kubwa. Lakini Mjerumani Bernt Spiegel, aliyeandika kitabu kizima juu ya akili na mwili wa mwendesha pikipiki, anasema binadamu asiyejizoeza hukataa kulala zaidi ya nyuzi 20 hivi. Mwili unagoma, kwa kuwa tangu tulipokuwa tunakimbia kwa miguu hatukuwahi kuegama kuliko hapo. Nyuzi 20 katika kona yangu ni mwendo wa kilometa 37. Basi ajali yangu ilikuwa kilometa 8. Pikipiki ilikuwa inaweza. Mimi ndiye niliyegoma.

Hapo ndipo sifa ya Code ilipo, nami ninampa yote. Hamlaumu mtu kwa “uzembe”, neno ambalo polisi wetu na wahariri wetu hulitumia kama muhuri. Mzembe ni mtu asiyejali. Mimi nilijali sana. Nilijali kwa mwili mzima, na kujali kule ndiko kulikotupeleka mtaroni. Anaeleza pia jambo ambalo nimeliendesha miaka mingi bila kulijua: kwamba pikipiki ikiwa katika mwendo, ukitaka iende kulia, unausukuma mbele mkono wa kulia wa usukani, nayo inalalia kulia. Wengi hufanya hivyo bila kujua, na siku ya hofu, kwa kuwa hawajui, hawawezi kufanya zaidi. Huko Marekani, Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walichunguza ajali 900 za pikipiki na kutoa taarifa mwaka 1981. Waliona kwamba asilimia 92 ya walioanguka walijifunza wenyewe au kwa ndugu na marafiki, na kwamba kosa la kawaida lilikuwa kukaza mno breki ya nyuma na kuiogopa ya mbele. Katika ajali ambazo hapakuwa na gari jingine, theluthi mbili hivi zilianzia kwa mwendeshaji: ameteleza kwa breki, au ameingia kona kwa kasi akatanuka nje. Nilipoyasoma hayo nilikumbuka kwamba mwalimu wangu wa pikipiki alikuwa binamu yangu, na darasa langu lilikuwa uwanja wa mpira, ambao hauna kona.

Lakini sifa isitufumbe macho. Kanuni kuu ya kitabu ni ya mkono wa mafuta: ukishaingia kona, fungua mafuta kidogo kidogo, bila kusita, mpaka utoke. Sababu yake ni nzuri, kwani pikipiki inayovutwa taratibu hutulia na uzito hukaa vyema juu ya magurudumu mawili. Lakini kanuni hiyo inamfaa aliyefika kwenye kona akiwa na mwendo sahihi. Aliyefika na kilometa 8 za ziada, katika mteremko, mtu nyuma yake, unamwambia aongeze mafuta? Mmarekani mwingine, Nick Ienatsch, katika kitabu chake cha 2003, anafundisha tofauti: breki ya mbele iachwe polepole, hata baada ya kuanza kulala, mpaka uridhike na mwendo na uelekeo wako. Mimi nakubaliana na huyu. Kwa mlalo uleule, kila unavyopunguza mwendo duara lako linajikunja zaidi, na hicho ndicho hasa nilichokihitaji. Ninavyomwelewa, Code anafundisha watu wanaozunguka njia ileile mara ishirini kwa siku. Sisi kona yetu tunaiona mara moja, na nyuma yake kuna Fuso limejaa kabichi.

Kwa hiyo kasoro yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba anaanza kuchelewa. Anamchukua mtu akiwa tayari ndani ya hofu na kumwonyesha namna ya kuishinda. Hata wale mabingwa wana mpaka wao: Wayne Rainey, ambaye Code alimnoa katika miaka yake ya mwanzo, alitwaa ubingwa wa dunia mara tatu mfululizo, 1990 hadi 1992, na mwezi Septemba wa mwaka uleule kitabu kilipotoka alianguka Misano, Italia, akiwa anaongoza, akapooza kuanzia kifuani. Sisemi hivyo kumkebehi mtu. Nasema ujuzi wa ndani ya kona ni akiba, na akiba haifai kuwa chakula cha kila siku.

Sura niliyoitafuta kwa Code nikaikuta katika kitabu kikavu kabisa, Motorcycle Roadcraft, cha polisi wa Uingereza, ambako pia huendesha kushoto. Kinasema utazame pale mbele ambapo kingo mbili za barabara zinaonekana kukutana. Pakiwa panakusogelea, kona inabana, punguza. Pakienda sawasawa nawe, mwendo wako unafaa. Pakikukimbia, kona inafunguka, ongeza. Na usikimbie kuliko umbali unaouona kuwa wazi na unaoweza kusimama ndani yake. Hakuna goti linalokwangua lami. Nimekijaribu njia nzima ya Lushoto nikiwa na umri ambao wajukuu hunicheka, na ninaapa kwamba kona ile ya Soni hujieleza yenyewe mita thelathini kabla: kingo zinakutana, zinasimama, kisha zinaanza kukujia. Zilinijia hivyo hivyo mwaka 1994. Nilikuwa nacheka.

Vijana wa bodaboda wanaopanda na kushuka pale leo, wengine wameweka frii kuokoa mafuta, wamejifunza kama nilivyojifunza mimi. Nimewatafsiria wachache kijiweni Mombo habari za jiwe na macho. Mmoja aliniuliza kama huyo Code amewahi kubeba watu wawili na gunia.

Kwa shemeji nilichelewa zaidi. Nilikwenda kwake Jumapili moja na kitabu mkononi, nikamwambia barazani, bila kuzunguka, kwamba mchanga haukuwepo.

“Najua,” alisema. “Mimi ndiye niliyekwenda nayo hiyo lami kwa ngozi.”

“Mbona hukusema?”

“Ulikuwa unasema wewe.” Akakipokea kitabu, akakigeuza, akanirudishia kwa kuwa ni cha Kiingereza. “Hebu nisomee hapo penye jiwe.”

Nikamsomea. Alinikatiza mara mbili, zote mbili kunisahihisha juu ya pale tulipoanza kunyooka.