Majina na Mikato: Fani ya Mjadala wa Ulinzi wa Simba, 2024

Mnamo Julai na Agosti 2024 mashabiki wa Simba, klabu ya soka ya Dar es Salaam, waliipima safu ya ulinzi ambayo ilikuwa haijacheza hata mechi moja ya ligi. Walikuwa na sababu. Klabu yao ilikuwa imemaliza ya tatu Ligi Kuu Bara kwa pointi 69, sawa na Azam, ikazidiwa kwa tofauti ya mabao na kukosa nafasi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Kiungo Clatous Chama alikuwa amehamia kwa watani wao Yanga, mshambuliaji John Bocco ameondoka, na beki wa kati Henock Inonga amekwenda FAR Rabat ya Morocco. Kocha mpya, Fadlu Davids wa Afrika Kusini, alitoka kwenye benchi la Raja Casablanca, alikokuwa msaidizi katika msimu ambao timu hiyo ilitwaa ubingwa wa Morocco bila kupoteza mechi. Timu ilipiga kambi Ismailia, Misri, na huku nyumbani mjadala ukawaka.

Mjadala huo wa vijiweni, kwenye daladala na redioni tumezoea kuusikiliza kwa ajili ya maudhui yake: nani anafaa, nani hafai, nani kaletwa kwa hasara. Mimi nataka kuusoma kwa fani, kama tunavyosoma masimulizi mengine ya mdomo, kwa sababu una muundo, una taswira, una kisa kinachorejewa na una namna yake ya kutoa ushahidi. Dai langu ni moja. Umbo la mjadala ndilo lililoamua mashabiki wangeona nini na wasingeona nini. Ulijengwa kwa majina, ilhali ulinzi hujengwa kwa umbali na maelewano kati ya wenye majina hayo.

Tuanze na muundo. Mhimili wa mjadala ni orodha. Msemaji huanza golini, akahamia kulia, kushoto, katikati, kisha kiungo mkabaji. Mwaka ule orodha ilikwenda hivi: golini kuna Ally Salim na Aishi Manula, Ayoub Lakred ni majeruhi, na mwanzoni mwa Agosti anaongezeka Moussa Camara kutoka Horoya ya Guinea. Kulia, Shomari Kapombe, na nyuma yake Kelvin Kijili kutoka Singida. Kushoto, Mohamed Hussein, yaani Tshabalala, na mgeni Valentin Nouma wa Burkina Faso. Katikati, Che Malone Fondoh aliyebaki, pamoja na Abdulrazack Hamza kutoka SuperSport ya Afrika Kusini na Karaboue Chamou kutoka Ivory Coast. Mbele yao Fabrice Ngoma, Yusuph Kagoma, Augustine Okejepha na Debora Fernandes.

Orodha ina nguvu kubwa na sitaidharau. Ni chombo cha kumbukumbu. Mtu asiye na kalamu wala karatasi anaweza kukutajia kikosi kizima cha msimu uliopita, waliotoka na walioingia. Ni chombo cha kuwajibisha pia, kwa kuwa kila nafasi inapotajwa kiongozi wa klabu anaulizwa hadharani ameifanyia nini. Isitoshe, orodha inamruhusu kila mtu kuingia. Mzee aliyeanza kuishangilia Simba kabla ya rangi kufika kwenye televisheni na kijana wa sekondari wote wana haki ya kupinga jina moja na kuweka jingine.

Kilele cha muundo huu ni Simba Day, siku ambayo klabu hutambulisha kikosi chake cha msimu mpya. Tarehe 3 Agosti, Uwanja wa Benjamin Mkapa ukiwa umefurika, wachezaji waliitwa mmoja mmoja na kila jina likapokewa kwa kishindo chake. Tukisoma hafla hiyo kama matini, tunaona orodha ile ile ya kijiweni imevishwa nguo za sikukuu: jina, shangwe, kituo, jina, shangwe, kituo. Mchezaji anaingia peke yake na anapimwa peke yake, kwa ukubwa wa kelele anazopokelewa nazo. Mechi ya kirafiki dhidi ya APR ya Rwanda, ambayo Simba ilishinda 2-0, ilikuja baada ya hukumu nyingi kuwa zimekwisha kutolewa.

Kasoro ya muundo huu iko hapo hapo kwenye uzuri wake. Orodha ina majina na mikato, na mabao hupita kwenye mikato. Hupita kati ya beki wa kulia na beki wa kati pale mmoja anapopanda na mwenzake akasahau kusogea. Hupita kati ya kiungo mkabaji na mabeki pale mpira wa pili unapodondoka mahali pasipo na mtu. Unaweza kutaja majina manne mazuri mfululizo na usiwe umesema neno lolote kuhusu ulinzi.

Ushahidi mzuri zaidi wa kasoro hii ni kisa ambacho mjadala mzima ulikuwa ukikirejea: tarehe 5 Novemba 2023, Yanga 5, Simba 1. Hakuna shabiki aliyeipima safu mpya bila kupitia hapo. Tazama jinsi kinavyosimuliwa. Msimulizi huanza na matokeo, akaruka hadi kwa mtu: kipa alikosea, beki yule amechoka, fulani aliachwa mbali. Katikati ya masimulizi hamna kitu. Ilhali habari yenyewe iko katikati. Mapumziko yalifika timu zikiwa 1-1. Mabao manne yaliyoifanya mechi ile kuwa jeraha yalikuja kipindi cha pili, kati ya dakika ya 64 na ya 87. Timu iliyokwenda mapumziko ikiwa sare haibadiliki kuwa timu ya wachezaji wabovu ndani ya muda mfupi hivyo. Inachopoteza ni umbo lake: inatafuta bao, mabeki wanabaki mbali na viungo, na kila shambulio linakuta uwanja wazi zaidi ya lililotangulia. Kisa hiki kilidai kusomwa kwa dakika na kwa nafasi, na mjadala ukakisoma kwa majina. Ndiyo maana dawa yake nayo ikawa ya majina: mwondoe huyu, mlete yule.

Inafaa pia kukumbuka bei ya mabao yale. Msimu ulioamuliwa kwa tofauti ya mabao hauna bao dogo. Bao la nne na la tano, ambayo kwenye simulizi ni chumvi ya aibu tu, kwenye msimamo wa ligi yalihesabiwa sawasawa na la kwanza. Mashabiki walikuwa na haki ya kuumia, na walikuwa na haki ya kudai ulinzi ujengwe upya.

Tuje kwenye ushahidi. Beki mpya anapotangazwa, shabiki hupelekwa kwenye video fupi iliyounganishwa kwa vipande: anateleza na kuunasa mpira, anaruka na kupiga kichwa, anamkimbilia mshambuliaji na kumzuia. Video hiyo ni utanzu unaojitegemea na una kanuni moja, nayo ni kwamba huonyesha tukio. Lakini kazi bora ya beki ni kuzuia tukio lisitokee. Akisogea hatua mbili mapema pasi haipigwi. Akimwita mwenzake kwa wakati mshambuliaji anageuka na kurudi alikotoka. Hakuna anayekata kipande cha pasi ambayo haikupigwa. Kwa hiyo utanzu huu humpendelea beki anayekosea nafasi kisha akajiokoa kwa mbio, na humficha yule ambaye hakuhitaji kukimbia. Hamza na Chamou walipimwa kwa kipimo hicho kabla hawajavaa jezi nyekundu kwenye mechi ya ushindani. Walisifiwa kwa walichoonekana wakikifanya, nasi tulihitaji kujua walisimama wapi mpira ulipokuwa mbali nao.

Taswira kuu ya mjadala nayo inasaidia upofu huu. Safu ya ulinzi huitwa ukuta, na beki mpya huwa tofali lililokosekana. Taswira hii ina mvuto kwa kuwa inatoa picha ya usalama, tena inaendana na orodha: jina moja, tofali moja. Lakini ukuta haupandi wala haushuki. Safu ya mabeki wanne hupanda mpira ukiwa mbele, hushuka ukipotea, husogea kulia na kushoto pamoja, na hubana au kuachia kwa makubaliano ya sekunde moja. Taswira ya ukuta inamfanya shabiki aulize kama beki ni imara. Haimfanyi aulize kama mabeki wanatembea pamoja, na kwa timu ya wageni wengi waliokutana Julai, hilo ndilo lililokuwa swali la kwanza.

Hata hivyo, ndani ya mjadala huu mlikuwa na sentensi moja inayozidi nyingine zote kwa ubora wa uhakiki: nani atacheza na Che Malone? Iangalie ilivyojengwa. Haiulizi nani bora wala nani ghali. Inamchukua mtu aliyepo, inaacha nafasi kando yake, na inataka ijazwe kwa kumzingatia yeye. Ni swali la uhusiano. Mashabiki walikuwa na kipaji hicho hicho walipowazungumzia Kapombe na Tshabalala, mabeki wa pembeni waliokaa pamoja Simba tangu 2017. Hapo hawakutaja tofali wala ukuta. Walisema huyu akipanda yule hubaki, na huyu akichelewa kurudi fulani humzibia. Walijua hayo kwa sababu waliwatazama wiki baada ya wiki. Maarifa ya uhusiano yalikuwapo kijiweni tayari, ila muundo wa orodha uliyasukuma pembeni.

Msimu wenyewe ulisema nini? Tarehe 8 Agosti Simba ilifungwa 1-0 na Yanga kwenye Ngao ya Jamii. Ligi ilipoanza iliifunga Tabora United 3-0, kisha Fountain Gate 4-0. Tarehe 19 Oktoba ilipoteza tena 1-0 kwa Yanga, kwa bao la kujifunga la Kijili katika dakika za mwisho. Usiku ule orodha ilirudi na nguvu zake zote, na jina moja likabeba mechi nzima. Bao la kujifunga ni mwisho wa mlolongo. Kabla mpira haujamgusa mtu huyo, kuna aliyeupoteza, aliyechelewa kuuondoa na aliyeacha mpigaji asimame huru. Orodha haina mahali pa kuweka mlolongo.

Mwisho wa safari, Simba ilimaliza ya pili na ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, fainali yake ya kwanza ya Afrika tangu 1993. Huko Berkane, Morocco, Mei 2025, ilifungwa 2-0 na RS Berkane, na mabao yote mawili yaliingia ndani ya robo saa ya kwanza. Marudiano Zanzibar yakaisha 1-1. Safu iliyotiliwa shaka Julai iliifikisha klabu mbali kuliko wengi walivyotarajia, na ilipoanguka ilianguka kwa muda mfupi, pale ambapo umbali kati ya watu ulikosewa kabla mechi haijatulia.

Hukumu yangu ni hii. Mjadala wa mashabiki kuhusu ulinzi ni kazi ya fani yenye kumbukumbu pana, haki na mapenzi ya kweli, na kwa kutaja majina ni makini kuliko ripoti nyingi za magazeti. Udhaifu wake ni kwamba kipimo chake ni mtu mmoja, wakati kipimo sahihi cha ulinzi ni watu wawili na nafasi iliyo kati yao. Kwa hiyo ombi langu kwa wapenzi wa Simba, wa Yanga na wa klabu nyingine yoyote inayojijenga upya ni hili: dirisha la usajili likifunguka tena, wataje mabeki wawili wawili, na kabla hawajamlaumu mmoja, waulize mwenzake alikuwa wapi.