Brekipointi isiyoshika katika faili lililoingizwa

Brekipointi haikai juu ya maandishi ya programu. Dibaga huchukua jina la faili na namba ya mstari, huvitafuta katika jedwali la mistari lililoachwa na kompaila ndani ya programu, kisha huweka kizuizi kwenye anwani inayolingana. Katika prosesa za x86 kizuizi hicho ni baiti moja, 0xCC, inayofunika mwanzo wa amri ya mashine. Kwa hiyo brekipointi ya faili lililoingizwa kwa #include isiposhika, la kuhojiwa ni jedwali.

Tuchukue mfano wa programu ndogo ya C ya kukata tiketi za boti kati ya Bukavu na Goma. Nauli inaweza kulipwa kwa dola au kwa franka za Kongo, hivyo hesabu ya kubadilisha pesa imewekwa katika kiwango.h, linaloingizwa na tiketi.c na mizigo.c. Brekipointi inawekwa mstari wa 9 wa kiwango.h, lakini programu inapita moja kwa moja.

Katika dibaga ya GDB, amri ya info sources huonyesha mafaili ambayo jedwali linayajua. Kiwango.h lisipokuwemo, huenda programu ilikompailiwa bila chaguo la -g. Sababu ya pili hupoteza muda wa watu wengi zaidi: hesabu imeandikwa kama makro. Priprosesa huibandika makro ndani ya tiketi.c kabla ya kompaila kuanza kazi, na amri zake huhesabiwa kwenye mstari wa tiketi.c unaoitumia. Mstari wa #define wenyewe hauna anwani yoyote. Brekipointi ihamie pale makro inapotumika. Au, lililo bora, makro iandikwe upya kuwa funksheni ya static inline, ambayo hukaguliwa aina za data na huipa dibaga mahali pa kusimama.

Funksheni hiyo nayo huzaa nakala katika kila faili la .c linaloiita. Mstari wa 9 sasa una anwani mbili, na info breakpoints huzitaja kama 1.1 na 1.2. GDB ilianza kushughulikia anwani nyingi kwa brekipointi moja katika toleo la 6.8, mwaka 2008. Anwani ya mizigo.c ikizimwa, tiketi zitasimama na mizigo itapita. Funksheni isipoitwa popote, kompaila inaweza kuitupa kabisa, na mstari ukabaki bila amri.

Programu ikikompailiwa kwenye kompyuta moja na kuchunguzwa kwenye nyingine, jedwali hubeba njia za folda za ile ya kwanza, huku kihariri kikiitumia dibaga njia kamili ya hii ya pili. Amri ya set substitute-path huziunganisha. Tena, kwa uboreshaji wa -O2 amri za mashine huchanganywa na mistari huruka, hivyo uchunguzi ufanywe kwa -O0 au -Og.

Hubaki kosa la Makefile isiyotaja kiwango.h: faili linahaririwa, tiketi.o inabaki ya zamani, na brekipointi inatua mstari usiohusika. Chaguo la -MMD la GCC huandika utegemezi huo lenyewe, mradi Makefile iyasome mafaili ya .d yanayotolewa.