Fundi Aliyeanza na Ndoo

Julai Ufipa si mwezi wa kuoga maji ya baridi. Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huku Mwimbi, wilayani Kalambo, asubuhi za kipupwe pumzi hukutoka mdomoni kama moshi, na shati uliloliacha kwenye kiti usiku unalikuta limepoa kama lililoanuliwa kabla ya kukauka. Ndiyo maana shangazi yangu alipostaafu ualimu hakununua makochi wala televisheni. Alinunua hita ya kuogea, ile ndogo inayofungwa juu ya kichwa cha mwogaji. Akaisifu kwa majirani misimu miwili. Msimu wa tatu, katikati ya baridi, ikagoma: maji yanatoka, lakini yanatoka vilevile yalivyoingia.

"Imekufa," shangazi akasema, na hela ya nauli ya kwenda Sumbawanga kununua nyingine alikuwa amekwisha kuitenga. Jirani ndiye aliyemzuia. Alimwambia aite fundi bomba kwanza.

Fundi alifika na begi mgongoni, kijana wa miaka thelathini hivi. Akamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," akaitikiwa, "Marahaba, mwanangu," akaonyeshwa bafu. Nilitazamia afungue begi. Hakulifungua. Aliuliza maswali matatu. Ilianza lini? Iliacha ghafla, au ilififia siku hadi siku? Na bomba la jikoni, lina nguvu ileile ya zamani? Shangazi akafikiri. Akakumbuka kwamba maji yalikatika kijijini siku mbili, yakarudi mekundu kama chai, na tangu wiki ile hita ikawa inapasha kwa kusitasita, kisha basi.

"Naomba ndoo ya lita 10," fundi akasema.

Akaitega kwenye bomba la uani, simu mkononi, akahesabu. Ikajaa kwa dakika moja na ushee. Akaihamishia bafuni, akaitega chini ya hita. Tukasimama watatu tukiitazama kama watu wanaongoja chungu kichemke. Ilichukua karibu dakika tano. "Hita nzima, Mwalimu," akasema. "Tatizo haipati maji."

Sijawahi kusikia ugonjwa ukitajwa kwa maneno machache hivyo. Ndani ya hita za aina ile mna utando wa mpira. Maji yakipita kwa nguvu ya kutosha huusukuma, nao hugusanisha swichi, ndipo umeme unapofika kwenye koili. Maji yakiwa dhaifu utando haujongei, na koili inabaki baridi. Aliyeiunda aliikusudia hivyo, kwa sababu koili ikiwaka pasipo maji huungua mara moja. Kwa maneno mengine, hita ya shangazi ilikuwa inajilinda, na sisi tulikuwa tumekwisha kuizika.

Sasa begi likafunguliwa. Lakini kabla ya bisibisi fundi alikwenda kwenye swichi kuu, akaizima, akamsimamisha mtoto wa nyumba hapo na kumwambia asimruhusu mtu yeyote kuigusa, hata babu akija. Kisha akarudi bafuni akapima kwa tesita, ingawa aliizima mwenyewe kwa mkono wake. Akafungua nati ya bomba linaloingiza maji na kutoa kichujio kidogo kisichozidi ukubwa wa kifuniko cha soda. Matundu yake yote yalikuwa yamezibwa na mchanga mwekundu uliochanganyika na kutu. Bomba kuu linapokatwa kwa matengenezo na kujazwa tena, maji ya kwanza huburuta kila kilicholala ndani yake, na uchafu huo husafiri mpaka ukutane na tundu dogo kuliko wenyewe. Alikisugua kwa mswaki mkuukuu, akakisuuza, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akakisugua tena. Mara ya tatu ndipo aliporidhika.

Kazi aliyoitiwa ilikuwa imeisha hapo, na mwingine angekunja begi. Yeye alifungua kifuniko cha hita, akachungulia nyaya, akakuta ule wa athi umekunjwa nyuma na kuzungushiwa utepe, haukuunganishwa popote. Shangazi akamtaja aliyeifunga hita. Fundi hakutia neno juu ya mtu huyo. Alisema tu kwamba swichi haitawashwa mpaka waya huu ufike unakotakiwa, kwa sababu koili ikipasuka, umeme utashuka na maji, na anayeoga ndiye atakuwa njia yake ya kufika ardhini. Kuunganisha waya ule kulimchukua muda mrefu kuliko kusafisha kichujio. Misimu miwili shangazi alikuwa akioga chini ya hatari, akimshukuru Mungu kwa maji ya moto.

Tulipowasha, mvuke ulipanda. Fundi akatoka nje, akalitazama tanki juu ya mnara wake wa mbao, akampa shangazi hesabu ambayo Mwalimu mwenyewe aliipenda. Kila mita 10 za kimo huyapa maji msukumo wa takriban ba 1. Tanki lako liko mita 3 kutoka chini, hita iko mita 2, kwa hiyo kinachosukuma ni mita 1 tu, sawa na sehemu ya kumi ya ba, na hapo ndipo hita inapopumulia. Ukitaka isisumbue tena, pandisha mnara, au funga pampu ndogo. Watu wengi hudhani dawa ni kununua tanki kubwa zaidi. Tanki la lita 5,000 na la lita 500 yakisimama kimo kimoja, msukumo ni uleule.

Nilipokuwa namsikiliza niliwakumbuka mafundi wengine wa nchi hii hii, ambao nao waliishi kwa kuijua nguvu ya kimo. Wafipa walikuwa wafua chuma. Tanuru zao, malungu (moja huitwa ilungu), zilijengwa kwa udongo kama mnara, ndefu kuliko mtu, baadhi zikifika mita 3, na nyingine bado zimesimama porini humu uwandani. Profesa Bertram Mapunda, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ametumia miaka mingi kuzichunguza. Kinachonistaajabisha ni kwamba ilungu halikuvukutwa. Mafundi walitoboa matundu kuzunguka kitako chake, wakapitisha mabomba ya udongo wa kufinyanga, na kimo cha tanuru kikafanya kazi iliyobaki: hewa ya moto ikipanda na kutoka juu, hewa baridi huvutwa ndani kwa chini, pasipo mtu kugusa mvukuto. Kile kilichotoka humo ndicho kilichopelekwa kwenye tanuru ndogo yenye mivukuto, kusafishwa mpaka kiwe chuma cha kufulia jembe. Mabomba ya udongo yakiziba, moto unalala na kazi ya siku nyingi inapotea. Naamini fundi wa malungu naye alikuwa na maswali yake matatu kabla ya kugusa chochote.

Kuna jambo jingine wale wazee walilokuwa nalo mikononi, na fundi wetu alilirudia bila kujua, pale alipopita sebuleni na kuona jiko la mkaa pembeni mwa kochi. Kipupwe cha Ufipa ndivyo kinavyotufanya: jiko linapikiwa nje, jioni linaingizwa ndani na makaa yake ili chumba kipate joto, mlango unafungwa, watu wanalala. Akauliza, "Mwalimu, hili linalala humu?" Shangazi akasema wakati mwingine. Akamwomba asilifanye tena, na akaonyesha lile dirisha lililozibwa kwa mfuko wa saruji.

Mkaa unaoungua pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, haikwangui koo kama moshi wa kuni. Huingia kwenye damu na kukalia nafasi ya oksijeni, na aliyelala huendelea kulala. Sasa sikia: hewa hiyohiyo ndiyo iliyokuwa mtenda kazi ndani ya ilungu. Mkaa ukiungua katikati ya tanuru huitoa kwa wingi, nayo hupanda ikiyapita mawe ya chuma na kuyapokonya oksijeni yake, kinachobaki ni chuma. Kinachong'oa oksijeni kwenye jiwe hakishindwi na damu ya mtoto. Wazee waliwasha moto huo mahali pa wazi, sisi tunaulaza kitandani. Kichwa kikiuma usiku na jiko liko ndani, usimeze panadoli ukalala. Toka nje, na watoe wote.

Mengine nilijifunza siku ile kwa kumfuata fundi nyuma, maana shangazi alipoona anajua kazi alimwonyesha nyumba nzima. Bomba la jikoni lilikuwa likidondoka, na dawa ya shangazi ilikuwa kulikaza zaidi kila jioni. Ndivyo sote tufanyavyo, na ndivyo tunavyoimaliza washa, kile kiduara cha mpira kinachoziba maji. Fundi alikitoa kimechimbika mfereji katikati. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku, na kwa kuwa matone 20 hufanya kama mililita 1, hizo ni zaidi ya lita 4 zinazokwenda bure.

Chooni alimimina chai ya rangi iliyokolea kwenye tanki la kuflashia, akatuambia tuache robo saa. Tuliporudi, maji ya bakuli yalikuwa na rangi, ushahidi kwamba mpira wa chini unavuja ingawa sikio halisikii kitu. Na penye kiungo cha chuma kilicholowa alinifundisha jambo ambalo naona aibu sikulijua: utepe mweupe wa nyuzi za bomba unafungwa kwa kufuata mkono wa saa, ukiwa umeuelekezea uso mwisho wa bomba, ili kiungo kikizungushwa kikaze utepe pamoja nacho. Ukifunga kinyume, kila mzunguko wa spana unaufumua. Mjomba wake aliyemfundisha kazi alitumia katani na rangi, na hakuwahi, alisema, kurudia kiungo.

Kazi yake kubwa zaidi haionekani majumbani. Maji ya mserereko yanayotoka chemchemi ya mlimani hayahitaji mashine, yanashuka yenyewe, ila bomba linapovuka tuta hewa hujikusanya pale juu na kuyakatisha, na kijiji kizima kinasema chanzo kimekauka. Fundi asiye na subira atachimbua bomba. Huyu hutembea juu ya laini mpaka kwenye tuta, anafungua koki ya kutolea hewa, anasikiliza mluzi. Mluzi ukikoma na maji yakaruka, anafunga na kurudi. Alinieleza hayo kana kwamba ni jambo la kawaida, wakati anajifuta mikono.

Cheti alichonacho alikipata VETA kwa ule utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunzia kazini. Ujuzi alikuwa nao tangu zamani.

Alitoza bei ya ufundi na bei ya washa moja, basi. Shangazi alimlipa bila kuomba apunguziwe, akamwongezea sado ya maharage. Nalisema hili kwa sababu nimeona kinyume chake mara nyingi: fundi akibadilisha kifaa kizima tunamlipa, akigundua kwamba kifaa ni kizima tunamwambia mbona hujafanya kitu. Wenye nyumba wenzangu, nawaomba tuache. Aliyewaokolea bei ya hita mpya kwa mswaki mkuukuu mlipeni siku hiyohiyo, na namba yake mwiandike ukutani.